Sauti ya besi haitafutwi chumbani

Mpiga besi akiniambia anatafuta sauti yake, namuuliza kwanza anataka isikike wapi. Wengi wanaitafuta chumbani. Mtu anakaa kitandani na gitaa mapajani, anapandisha sauti za chini, anapandisha za juu, anashusha za katikati, anapiga noti mbili tatu na kutabasamu. Na kweli sauti hiyo ni tamu. Shida inaanza siku anapoipeleka kwenye bendi: kiki, ile dramu kubwa ya kukanyaga, inameza chini yote, matoazi na gitaa la solo vinafunika juu, na pale katikati, mahali pekee palipokuwa na nafasi, yeye mwenyewe alishapaondoa. Watu wanaona vidole vinatembea, lakini wanachosikia ni mtetemo usio na noti.

Mimi ni mpiga besi wa miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo nimesimama pembeni ya mpiga solo ambaye hajui nini maana ya kupunguza sauti. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na kulazimika kusikika mbele ya mtu huyo. Unaanza na mikono, halafu nyuzi, halafu bisibisi, halafu nobu za gitaa, na amplifaya inakuja mwisho. Wengi huufuata kinyumenyume: wananunua amplifaya, kisha vifaa vya kukanyaga, kisha gitaa jingine, na mkono unabaki uleule.

Kwanza ujue unachokitafuta kiko wapi

Uzi wa E wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Hizo ni hezi 41. A ni hezi 55, D ni 73, G ni 98. Sasa chukua simu usikilize wimbo wowote kwa spika yake ndogo. Spika ile haiwezi kutoa hezi 41 hata uibembeleze vipi, lakini mstari wa besi unaufuata na noti unazitambua. Sababu ni kwamba uzi hautoi mtetemo mmoja tu. Pamoja na 41 zinatoka 82, 123, 165 na kuendelea, zile tunazoziita hamoniki, na ubongo ukizisikia hizo hujaza wenyewe noti ya msingi iliyokosekana.

Kwa hiyo tofauti ya besi inayonguruma, inayodunda na inayoimba haiamuliwi sana na ile 41. Inaamuliwa na uwiano wa zile zinazopanda juu yake, kuanzia kama hezi 80 hadi 1,000 na ushee. Huko ndiko nitakakokupeleka tena na tena katika maelezo haya.

Kuna na suala la masikio. Sauti za chini zikiwa ndogo, sikio la binadamu huzisikia kwa udhaifu kuliko za katikati. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walilichora jambo hilo kwa vipimo mwaka 1933. Ndiyo maana ukipiga usiku kwa sauti ya kunong'ona unaongeza chini kwenye amplifaya hadi uridhike, halafu kesho yake jukwaani, voliumu ikiwa imepanda, nobu uliyoiacha palepale inakutolea ngurumo. Usiamue sauti yako kwa voliumu ambayo hutaipigia.

Mikono

Tuanze na mkono wa kupiga. Uzi ukiupiga karibu na mwisho wa shingo, unatoa noti ya msingi kwa wingi na hamoniki za juu chache: sauti ya mviringo, nene, laini. Ukiupiga karibu na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, mambo yanageuka: noti inakuwa ngumu, imekazwa, ina makali, na mwili umepungua. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kama shubiri moja, na ndani ya shubiri hiyo kuna sauti nyingi kuliko utakazozipata kwenye nobu zote za amplifaya ya bei mbaya.

Waangalie hawa watatu. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, miaka ya 1960, alitumia kidole kimoja tu cha shahada, kwenye Fender Precision ya 1962 yenye nyuzi nene za waya bapa, zilizochakaa, na kipande cha sponji kimefichwa chini ya kifuniko cha daraja. Carol Kaye, mwanamama wa studio za Los Angeles katika miaka hiyohiyo, naye alipiga Precision, lakini kwa plektra, kile kipande cha plastiki, na kitambaa kizito cha kuzuia nyuzi zisivume. Jaco Pastorius akaja miaka ya 1970 na Jazz Bass isiyo na freti, vile vichuma vinavyogawa shingo, ubao wa shingo umepakwa gundi ngumu ya epoksi, nyuzi zenye mikwaruzo, mkono umesogezwa nyuma kwenye pikapu ya daraja, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, na besi ikaimba kama mtu. Wote watatu walishika magitaa ya kampuni moja, Fender. Hakuna atakayewachanganya.

Fanya hivi. Chagua kipande kifupi unachokijua vizuri, kisizidi mizunguko minne, usikibadilishe. Nobu zote ziache palepale. Kipige mkono ukiwa mwisho wa shingo, kisha juu ya pikapu, kisha karibu na daraja, na kila mara jirekodi kwa simu. Simu haitanasa chini kabisa, na hiyo ni faida, kwa sababu inakulazimisha kusikiliza yale yaliyo juu ya noti ya msingi. Halafu rudia tena, safari hii ubadilishe kidole: piga kwa nyama ya kidole, kidole kimelala, kisha piga kwa ncha, kidole kimesimama. Kama unafuga kucha, utaisikia ikigonga. Mimi za mkono wa kulia nazikata hadi mwisho.

Halafu kuna nguvu. Mpiga besi anayehisi hasikiki huongeza nguvu ya mkono, na hapo ndipo anapopotea zaidi. Uzi ukipigwa kwa hasira unajikaza, noti inaanza juu kidogo ya mahali pake kisha inashuka, na unagonga freti njia nzima. Kelele inaongezeka na noti inapungua. Piga kwa wepesi, ongeza amplifaya. Ukishazoea wepesi unabaki na akiba ya nguvu kwa ajili ya ile sehemu ya wimbo inayohitaji kusukumwa.

Mkono wa kushoto una kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: bonyeza nyuma tu ya freti, si katikati ya freti mbili, la sivyo uzi unalia kama nyuki. Ya pili ndiyo inayotofautisha wapigaji, nayo ni kuikata noti. Wengi wanahesabu noti inaanza lini na hawahesabu inaisha lini. Mpiga dramu wetu ana kiki nzito, yenye mkia, na snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, iliyo kavu sana. Nikiiacha noti ya mapigo ya kwanza ivume hadi ikapitilize snea, bendi nzima inasikika kama imevaa koti lililolowa. Nikiinua kidole, bila kukiondoa kwenye uzi, sekunde ileile fimbo inapogusa snea, wimbo unapata hewa na watu wanasema besi leo ina nguvu. Sijaongeza chochote. Nimenyamaza mahali panapotakiwa. Kaa na mpiga dramu wako, ninyi wawili tu, mpige mdundo mmoja polepole, na ujaribu kuikata noti mahali tofauti: kabla ya snea, juu ya snea, baada yake. Utashangaa jinsi kitu unachokiita "toni" kilivyo urefu wa noti.

Kuna pia kuzima nyuzi kwa kiganja: ubavu wa kiganja cha kulia unagusa nyuzi karibu na daraja, na dole gumba linapiga. Inatoa sauti fupi, nene, ya zamani. Kwa nyimbo za polepole sijaona kifaa cha umeme kinachoishinda. Kwenye sebene, kinyume chake, utataka uzi wazi, vidole vikali na mkono umerudi nyuma, maana pale besi inafanya kazi ya ngoma.

Nyuzi

Baada ya mikono, hakuna kitu kinachobadilisha sauti kwa haraka kama nyuzi. Zipo familia mbili kubwa. Moja imezungushiwa waya wa mviringo. Ukipitisha kidole unasikia mikwaruzo. Hizi zina mng'ao, zina hamoniki nyingi za juu, na ndizo zilizoenea tangu kampuni ya Rotosound ilipozitengeneza Uingereza miaka ya 1960. Nyingine imezungushiwa waya bapa, laini kama kioo, wapigaji wengi huziita flati. Hizi hazina mng'ao, zina kifua. Noti inaanza kwa kishindo kidogo kisha inatulia. Besi ya reggae ya zamani, ya soul, na nyimbo nyingi za rumba zinakaa vizuri sana juu ya flati.

Zile za mikwaruzo nazo zinatofautiana. Za chuma cha pua zinang'aa zaidi na zinakula freti zaidi. Za nikeli zina ukali wa wastani. Unene unaotumika sana ni ule unaoandikwa 45 hadi 105, yaani ukigawa inchi mara elfu, uzi wa G una unene wa sehemu 45 na wa E sehemu 105. Ukipanda unene, mvutano unaongezeka, vidole vinachoka mapema, lakini noti inasimama imara zaidi. Ukishuka, unapata wepesi na mlio wa chuma.

Umri wa nyuzi ni nobu ya toni usiyolipia. Seti mpya inalia kama kinanda cha nyuzi za chuma kwa saa chache za kwanza, kisha jasho na uchafu wa vidole vinaingia kwenye mizunguko na mng'ao unaanza kufifia. Wanaopenda ukali wanabadilisha mara kwa mara, au wanazichemsha kwenye maji, kuzikausha kabisa na kuzifunga tena. Mng'ao hurudi, ila haudumu. Mimi sizipendi zikiwa mpya wala zikiwa zimekufa. Nazifunga mapema, napiga mazoezi nazo, zikishapoteza ule ukali wa kitoto ndipo napanda nazo jukwaani. Baada ya kupiga nazifuta kwa kitambaa kikavu, uzi mmojammoja, juu na chini. Flati hazina haraka hiyo. Zinakaa miaka, na wengine wanaona zinakuwa tamu kadiri zinavyozeeka.

Kabla hujatumia hela kwa flati, jaribu sponji. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, upana wa vidole viwili, urefu wa kutosha kupita chini ya nyuzi zote nne. Kiingize pembeni ya daraja. Kinatakiwa kiguse nyuzi, kisiziinue. Sasa piga noti moja kwa kila uzi. Mara nyingi G inakufa mapema kuliko E kwa sababu ni nyembamba. Basi kitoe, punguza kidogo upande wa G kwa mkasi, urudishe. Ukipata usawa, noti zote zinakuwa na mdundo mfupi unaofanana, na utaelewa kwa nini Jamerson hakukitoa chake. Tuni upya baada ya kukiweka, kwa sababu kinaweza kusogeza noti kidogo.

Bisibisi

Gitaa lisilorekebishwa linakudanganya. Unadhani sauti ni mbovu kumbe uzi unagonga freti ya nane kila ukiupiga.

Tuni kwanza. Kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoungana na mwili kwa mkono mwingine. Angalia pengo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Linatakiwa liwepo lakini liwe dogo, kama theluthi moja ya milimita. Kadi ya biashara inafaa kupimia. Pengo likiwa kubwa, shingo imepinda mbele na unakaza fimbo ya chuma iliyomo ndani yake. Likiwa halipo kabisa, unalegeza. Robo mzunguko kwa wakati, unatuni tena, unapima tena. Ikikataa kuzunguka, iache, mpelekee fundi. Fimbo ikikatika ndani ya shingo umenunua shingo nyingine.

Kisha urefu wa nyuzi. Pima kwenye freti ya 17: milimita 2 hadi 2.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Zikiwa chini sana unapata mkono mwepesi na mgongano wa chuma, ambao watu wa miziki mizito wanautaka kabisa. Zikipanda, noti inanenepa na kukaa muda mrefu zaidi, na vidole vinalipa gharama. Mimi naziweka juu kidogo ya wengi wanavyopenda.

Pikapu watu wanaisahau. Ile ni sumaku iliyozungushiwa waya, na iko kwenye skrubu. Inapanda na kushuka. Ikiwa karibu na nyuzi, sauti inakuwa kubwa na kali, lakini ikikaribia kupita kiasi sumaku inavuta uzi, noti inayumba na kufa mapema. Bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2 au 3 kati ya uzi na pikapu, kisha tumia masikio. Kama uzi wa G unasikika mdogo kuliko E, inua upande wa G, usikimbilie ekwalaiza, yaani nobu za kupandisha na kushusha chini, katikati na juu. Skrubu hiyo moja imewahi kunitatulia shida ambayo ningeweza kuinunulia kompresa, kifaa cha kusawazisha ukubwa wa noti.

La mwisho hapa ni usahihi wa noti za juu. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate hamoniki, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Noti zote mbili zinatakiwa zilingane kwenye kifaa cha kutunia. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kichuma kinachobeba uzi kwenye daraja. Ikiwa chini, kilete mbele.

Nobu za gitaa

Precision, kwa umbo lake linalojulikana tangu 1957, ina pikapu moja iliyogawanywa vipande viwili, nobu ya voliumu na nobu ya toni. Basi. Ni gitaa linalokuambia: kazi ni yako. Jazz Bass ilitoka mwaka 1960 na pikapu mbili, na hapo kuna jambo la kuchunguza kwa utulivu. Ukifungua pikapu zote mbili hadi mwisho, mvumo wa umeme unapungua kwa sababu zinafutana, lakini na baadhi ya sauti za katikati nazo zinafutana, sauti inakuwa na shimo. Tamu ukiwa peke yako, dhaifu kwenye bendi. Punguza moja kidogo sana, hata kwa upana wa ukucha, na mngurumo unarudi. Ukipunguza ya mbele unapata pua na ukali. Ukipunguza ya nyuma unapata unene. Mimi naanzia hapo kila mara kabla sijagusa amplifaya.

Nobu ya toni kwenye gitaa lisilo na betri inaweza kupunguza tu. Inazipeleka sauti za juu ardhini kupitia kapasita. Wengi wanaiacha imefunguliwa yote halafu wanalalamika juu ya makelele ya vidole. Iweke nusu. Piga na bendi. Kama noti hazitambuliki, fungua. Kama bado mikwaruzo inasumbua, funga zaidi. Kumbuka pia kwamba gitaa la aina hii likiunganishwa na waya mrefu sana hupoteza juu njiani, kwa hiyo ukibadilisha waya na sauti ikabadilika, hujarogwa.

Magitaa yenye betri ndani yana kikuza sauti chake, kama ile StingRay ya Music Man ya 1976. Hayo yanaweza kuongeza chini na juu palepale gitaani, na ni majaribu makubwa. Anza na nobu hizo zikiwa katikati, pale zinaposhika kidogo mkononi, na ujiulize kama kweli kuna kinachokosekana.

Amplifaya na ukumbi

Weka nobu zote zitazame juu, saa sita kamili. Hapo ndipo pa kuanzia, ingawa kila amplifaya ina tabia yake hata ikiwa hapo. Piga wimbo mzima na wenzako bila kugusa kitu. Kisha rekebisha kimoja tu.

Haya ndiyo maeneo ninayoyakumbuka kichwani. Chini ya hezi 40 hakuna cha maana kwa besi ya nyuzi nne; kukikata hakumwondolei mtu chochote isipokuwa mtikisiko wa vidole na mguu. Kati ya 60 na 100 ni uzito, ule unaousikia tumboni, na ni nyumba unayopanga pamoja na kiki. Kati ya 200 na 400 ndiko kwenye matope: ukizidisha hapo, besi inavuma kama debe tupu. Hezi 500 hadi 1,000 ni mngurumo na utambulisho wa noti, na ndiko ninakopandisha kidogo nikizidiwa na magitaa. Kati ya 2,000 na 4,000 ni kidole na chuma cha uzi. Ukitaka unene, jaribu kwanza kupunguza matope kabla ya kuongeza chini. Kupunguza hakumalizi nguvu ya amplifaya wala hakuchoshi spika. Kuongeza chini kunafanya yote mawili.

Spika ikiwekwa kwenye pembe ya kuta mbili, chini inaongezeka yenyewe, na sakafu inaongeza tena. Kabla ya kulaumu nobu, isogeze hatua moja mbele. Halafu kuna jambo la magoti: amplifaya nyingi zinapiga kwenye magoti ya mwenye nazo, naye masikio yake yako juu, kwa hiyo anaongeza ukali mpaka anaridhika, na walio mbele wanakatwa masikio. Iinamishe itazame juu, au ipandishe kwenye kiti imara. Kisha mpe mwenzako gitaa apige, wewe teremka ukumbini usikilize. Kama hakuna wa kushika, waya mrefu utasaidia.

Kompresa nitaisema kwa kifupi. Inashusha vilele ili noti zilingane. Uwiano wa 4 kwa 1, ichelewe kuanza kama milisekunde 30 ili kidole kipite kwanza, na ishushe desibeli tatu hadi sita tu kwenye noti kubwa. Ukiona inashusha muda wote, rudi kwenye mkono.

Kama ni gitaa lenyewe

Mchagua jembe si mkulima, ni kweli, lakini majembe mengine yana mpini uliooza. Vipo vitu ambavyo nyuzi na bisibisi haviwezi kuvibadilisha: mahali pikapu zilipokaa, urefu wa uzi, ugumu wa shingo. Besi nyingi zina urefu wa inchi 34 kutoka kwenye daraja hadi kitako cha juu, kile kipande kinachobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo. Zile fupi za inchi 30 zina nyuzi zilizolegea zaidi, sauti ya mviringo, na vidole havitembei mbali. Si za watoto. Ni sauti nyingine.

Ukienda kujaribu gitaa, usilichomeke kwanza. Weka sikio kwenye pembe ya juu ya mbao, piga polepole noti moja kwa kila freti, uzi hadi uzi. Sikiliza noti inayokufa kabla ya jirani zake. Kwenye shingo zilizofungwa kwa skrubu mara nyingi inajificha kwenye uzi wa G, freti ya tano hadi ya saba. Ikiwa ni kidogo, utaishi nayo. Ikiwa noti inazima kabisa, rudisha gitaa ukutani, hata kama rangi yake imekukaa moyoni. Baada ya hapo ndipo ulichomeke, kwenye amplifaya isiyo na urembo, ukipiga kile kipande chako kilekile cha siku zote. Usipige mbwembwe za dukani. Hazitakuambia kitu juu ya wimbo wa polepole utakaoupiga kwa robo saa.

Siku ya kupiga

Ukifika, salimiana na fundi mitambo kabla ya kuomba chochote. Huyu ndiye atakayeamua watu wanasikia nini, maana waya unaotoka kwenye kisanduku cha kuunganishia unakwenda kwenye miksa yake, na amplifaya yako inabaki ya kukusikilizisha wewe na bendi. Mimi humwambia hivi: "Kaka, naomba kiki ikae kwanza, halafu unipe besi juu yake." Ombi hilo dogo linabadilisha mengi. Kiki na besi zikisikilizwa pamoja, fundi anaona mara moja nani akae kwenye hezi 60 na nani apande hadi 90, badala ya kuzijaza zote mbili mahali pamoja. Kama ekwalaiza yako ni ya kupambana na kona ya jukwaa tu, muombe achukue sauti kabla ya ekwalaiza hiyo.

Kwenye kujaribu mitambo piga kile utakachopiga kwenye wimbo wa kwanza, kwa nguvu ileile. Asiyetaka shida hapigi taratibu saa kumi halafu akapiga kwa ghadhabu saa tatu usiku. Watu wakishajaa ukumbini, miili yao inakula sauti za juu na mwangwi wa chumba, kwa hiyo tegemea kufungua nobu ya toni kidogo baada ya wimbo wa kwanza au wa pili. Zaidi ya hapo, acha.

Sauti ikikaa vizuri, zipige picha nobu za gitaa na za amplifaya kwa simu. Ukumbi mwingine utahitaji marekebisho, lakini utaanzia mahali unapopajua. Na kama gitaa lako lina betri, ukimaliza kupiga chomoa waya kwenye gitaa lenyewe. Kwa magitaa mengi, waya ukiwa ndani, betri inatumika hata amplifaya ikiwa imezimwa, na betri inayokaribia kufa huanza kukwaruza sauti katikati ya wimbo. Nina betri ya volti 9 ya akiba ndani ya mfuko wa gitaa, imefungwa utepe kwenye vichwa vyake isigusane na funguo.